Wingu la Bwana Miwani

Kibokoni, Mombasa
6 Novemba 1976

Adyero shoga yangu,

Kaa chini kwanza. Kama umebeba ndoo, itue. Salamu nitakupa mwisho, maana nikianza nazo nitapasuka.

Kuna kitabu cha katuni kimetoka hapa Mombasa, kinaitwa Wasikizi, na tangu Jumatatu sili sawasawa wala silali. Mama anasema nimepandwa na pepo. Mwache aseme.

Wako watatu, umri wetu huu huu. Tatu husikia mawazo ya watu. Kombo husogeza vitu bila kuvigusa, ila akiwa na njaa hawezi kusogeza hata kijiko. Na Achola, jina kama la kwenu kabisa, hupanda wazo kichwani mwa mtu na mtu mwenyewe akadhani ni lake. Hawaruki angani, hawavai nguo za ajabu. Wanavaa sare za shule, na kiatu kimoja cha Tatu kimefunguka mdomo. Mwalimu anawachapa kwa kuchelewa, na kumbe asubuhi hiyo hiyo wameokoa mji mzima. Nilipofika hapo nilitupa kitabu kitandani nikazunguka chumba, kisha nikakirudia.

Sasa sikia utamu wenyewe. Mchoraji wake, Bwana Sadiq, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maneno wanayosema watu ameyaandika katika viputo, kwa herufi za shule. Lakini wanayowaza ameyatia katika mawingu, na kwa herufi za chuo: Kiswahili kile kile, kwa herufi za Kiarabu, kama Bibi anavyoandika barua zake. Yaani ukizijua herufi za chuo, basi nawe umekuwa Tatu, unasikia wanayoficha. Muuza samaki anasema, "Karibu mwanangu, huyu ni wa leo." Wingu lake linasema, "Wa leo alikuwa juzi." Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Najua hukusoma chuo. Nakutumia jedwali la herufi ujifunze polepole. Usije ukamwomba Bibi akusomee. Unamjua mwenyewe: polisi kwake ni watu wa buti, na wewe mtoto wa polisi ni buti dogo. Tangu sisi tuhame huko Kampala amekaa peke yake pale Mengo na hatoki, ati hawezi kumwacha Babu kaburini hana wa kumsalimia.

Kitabu nimempa Abudu, yule dereva wa lori la chumvi, akipeleke kwa Bibi pamoja na halua. Nenda ukakichukue, useme ni kitabu cha shule.

Haya, salamu: hujambo? Mzee Ongom hajambo? Tarumbeta lake halijambo?

Wako,
Salme binti Uthman


Kambi ya polisi, Kampala
25 Novemba 1976

Salme,

Barua nilipata. Kitabu sikupata. Jedwali hukutia, mjinga wewe. Nimelia kwa hasira mpaka Mama akauliza nani amekufa.

Hii yote ni kazi ya Abudu. Mpakani wanachukua magazeti ya Kenya na kuchana, kwa hiyo yeye akaogopa, akatoa jalada akatupa, akaviringisha kitabu ndani-nje, akafunga na kamba ya katani, akaweka chini ya halua. Sasa ukurasa wa mwisho ndio ukawa nje, na ukurasa huo hauna picha hata moja, ni herufi za Kiarabu kutoka juu mpaka chini. Bibi yako alikuwa hajavaa miwani. Unajua alifanya nini? Alikibusu. Akakifunga na kitambaa nyeupe, akakiweka juu ya kabati pamoja na msahafu. Anasema mwanawe Uthman, Mungu ambariki, amemletea kitabu cha dua.

Mimi nikaenda nikasema, Bibi, nimefuata kitabu yangu ya shule. Akaniangalia kuanzia viatu. Akaniuliza kama nina udhu. Nikasema nimenawa kwenye bomba. Banange, alivyonifungia mlango! Mara ya pili nikapeleka kipande cha sabuni, na unajua sabuni sasa hivi ni kama dhahabu. Akachukua sabuni, akafunga mlango. Mara ya tatu akanifukuza kutoka dirishani, hata sikugonga.

Baba hajambo, tarumbeta halijambo. Lakini wenzake wawili wa bendi ya polisi, watu wa kwetu kaskazini kama sisi, waliitwa na watu wa gari, wale wa serikali wanaokamata watu, na hawajarudi. Baba anavua shati akilala, viatu havui. Mama amekataza tusiongee, basi siongei. Barua hii nampa Abudu mkononi, posta hapana.

Lakini nataka hicho kitabu, Salme. Nataka sana. Hapa kila mtu anakuchekea na hujui anawaza nini. Ningekuwa Tatu ningejua nani wa kumwogopa, na ningemwambia Baba mapema.

Adyero


Mengo
20 Mfungo Tatu 1396, nanyi mnaita 12 Desemba

Kwa mjukuu wangu Salme, aliye mbali na macho yangu na mbali na fimbo yangu, bahati yake.

Ama baada ya salamu, wewe mtoto huna adabu. Alhamisi baada ya alasiri nilitawadha, nikafukiza udi, nikavaa miwani, nikakishusha kitabu cha dua nipate kuwaombea wazee wangu. Nikatia kidole pale penye herufi, nikasoma kwa sauti: "Tumbo likinguruma tena, mwalimu atajua muhogo nimeula mimi." Nikajiuliza, dua ya wapi hii? Nikafungua mbele. "Huyu mzee kikoi chake kinataka kuanguka na hana habari." Nikakiweka chini nikaomba toba.

Kisha nikakisoma chote. Usinicheke. Nilikuwa natazama kama jina la Mungu limetajwa mahali, nisije nikakitupa vibaya. Sikuliona. Nikarudia mara ya pili kuhakikisha.

Sasa kuna jambo limenikera. Huyu msichana Tatu anawaza, "Si kweli, kaka yangu hawezi kufanya hivyo." Hawezi kufanya nini? Nani amemwambia? Maneno yamo katika vile viputo vya kizungu, na mimi sikusomeshwa kizungu, nilisomeshwa chuo tu na ndoa. Nimekaa siku mbili nikimfikiria kaka wa mtu nisiyemjua. Uji uliungua.

Siku ya tatu nilituma mtu akamwite yule binti wa buti. Alikuja mbio, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, hilo nililiona. Yeye akasoma viputo, mimi nikasoma mawingu, zamu kwa zamu. Kumbe kaka mwenyewe ameingia kumtumikia adui yao, yule mwanamume wa miwani nyeusi, mpumbavu yule.

Anasoma vizuri. Kiswahili chake cha kambini kinanikwaruza masikio, lakini namnyoosha. Usidhani nimeupenda upuuzi huu. Mwambie Abudu hicho cha pili asikicheleweshe.

Bibi yako,
Mwanawetu binti Habib


Kampala
16 Januari 1977

Salme mpenzi,

Cha pili kimefika, tumekisoma mara nne, na sijui nianzie wapi.

Nianze na Bibi. Salme, wewe umeishi na yule mama miaka yote hukuniambia kuwa anaweza kuigiza? Kila Jumamosi nikifika amekwisha kutandika mkeka na kahawa iko tayari. Mimi nasoma kiputo, yeye anasoma wingu, na kila mtu ana sauti yake. Kombo anamsemea puani. Mwalimu anamsemea kama yule shehe wa jirani, na Bibi anajua kabisa kwamba namtambua. Nikikosea neno ananipiga kofi la mkono na kunirudisha: si "kitabu yangu," ni "kitabu changu." Unaona ninavyoandika siku hizi? Ni kazi yake.

Na sisi wawili, mmoja bila mwenzake, hatuwezi kusoma. Juzi nilifika nimechelewa nikamkuta ameduwaa, mawingu ameyamaliza zamani na mtu ameanguka kisimani hajui nani kamsukuma. Alinigombeza kama mimi ndiye niliyesukuma.

Sasa Bwana Miwani. Umeona? Kila mtu ana wingu lenye maneno, hata punda wa muuza maji ana wingu. Yeye wingu lake ni tupu. Tatu anasimama mbele yake, anasikiliza kwa nguvu zake zote mpaka pua inatoka damu, na hasikii kitu. Weupe mtupu. Bibi aliugeuza ukurasa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa. Mimi nikasema labda mtambo uliishiwa wino. Akasema hapana, huyu Sadiq si mzembe. Nikasema basi hana roho. Bibi akanikazia macho akasema hakuna kichwa kisicho na kitu ndani, kuna kichwa kilichofungwa tu. Tumebishana Jumamosi mbili. Yeye haachi. Jana nilimkuta anakitazama kile kiwingu peke yake, kahawa imepoa.

Kambini nawasimulia watoto wenzangu penye bomba la maji. Walianza watano, sasa hata mama zao wanasahau ndoo. Baba ametunga wimbo wa Wasikizi kwa tarumbeta. Nikisema "Tatu akasikiliza," yeye anapuliza sauti moja ndefu, nyembamba, halafu ananyamaza, na watoto wote wananyamaza naye. Salme, ungekuwepo.

Wiki jana alikuja kunichukua kwa Bibi, amevaa magwanda kamili. Niliona aibu kwa ajili ya buti. Lakini alizivua mlangoni, akaziweka pembeni ya viatu vyangu, akaingia na soksi zenye matundu. Bibi akamwangalia soksi, kisha akammiminia kahawa. Wakaongea mambo ya bei ya chumvi. Alipokuwa anaondoka, Baba alisimama pale mlangoni akasema, "Mama, siku nikikosa kurudi nyumbani, binti yangu anaijua njia ya hapa."

Bibi akamjibu, "Na mama yake je, hana miguu?"

Njiani Baba alikuwa anapiga mluzi ule wimbo.

Leta cha tatu haraka, tafadhali. Nataka kujua ndani ya lile wingu mna nini.

Wako,
Adyero binti Ongom (Bibi anasema niandike hivyo)


Kibokoni, Mombasa
2 Februari 1977

Adyero,

Nimekwenda mbio kwa Bwana Sadiq na barua yako mkononi, nimempata anachora na kanzu imejaa wino. Nikamsomea yote. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaniambia mwenye kiwanda cha kuchapa anamsukuma aache herufi za chuo, ati vijana hawazijui, mauzo yanapungua. Alikuwa karibu kukubali. Akasema, "Sasa nitamwambia kwamba Kampala kuna watu wawili wanaokisoma kwa pamoja kwa sababu hawawezi kukisoma mmoja mmoja. Hao ndio niliokuwa nawachorea, sikujua tu wanakaa wapi." Adyero, ni nyinyi hao. Nilirudi nyumbani nikiruka ruka barabarani, watu wakinitazama.

Cha tatu hiki hapa, nimekitoa jalada mwenyewe ili Abudu asikichane. Nakuonya, ukurasa wa katikati ni picha moja tu, kubwa, ya Bwana Miwani. Na wingu bado tupu. Nilimbembeleza Bwana Sadiq aniambie mna nini, nikamletea hata mahamri. Amekula mahamri, hakuniambia. Alisema tu, "Muulize bibi yako yeye anaona mna nini."

Nina neno moja nalo si zuri, lakini nitalisema. Ninakuonea wivu. Mimi Bibi hajanisomea kitu ila kunisomea makosa yangu. Nikifikiria mkeka ule na nyinyi wawili, nahisi kama nimeuacha mlango wazi na mtu ameingia akakaa mahali pangu. Halafu nakumbuka ni wewe, na nafurahi. Halafu tena sifurahi. Ndivyo nilivyo wiki hii.

Niandikie ule wimbo unakwendaje.

Salme


Kibokoni, Mombasa
28 Februari 1977

Adyero,

Abudu amerudi mikono mitupu. Anasema kitabu alimpa Bibi, Bibi akakipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani, na hakumpa barua yoyote. Kwako kambini anasema siku hizi mtu hafiki.

Nilikasirika. Niliandika barua nzima ya kukuambia kwamba umempata Bibi na mimi sina kazi tena, nikaichana. Kisha Baba alifungua redio ya hapa. Alipoona nasikiliza aliizima, lakini nilikwisha kusikia: watu wa kaskazini, polisi na askari, hawaonekani. Baba hakunitazama usoni.

Nitakuambia nilichofanya, na ukicheka sitakusemesha maisha. Baada ya magharibi nilijifungia chumbani, nikakaa sakafuni, nikafumba macho kama Achola. Nikakuona pale kwenye bomba la maji. Nikakupandia wazo moja tu, kwa nguvu zote mpaka kichwa kikauma: nenda kwa Bibi. Nenda kwa Bibi. Nimefanya hivyo kila siku na sitaacha.

Kama umelipata, niandikie hata mstari mmoja. Wivu wangu ule nimeumeza, mkeka wote ni wako.

Salme


Mengo
20 Mfungo Sita 1397, yaani 11 Machi

Salme mjukuu wangu,

Barua hii inatangulia na dereva mwingine, mwenzake Abudu. Isome, mwonyeshe baba yako, kisha uichome.

Ongom ameitwa. Walimkuta kwenye mazoezi ya bendi, wakamwambia ni maswali machache, wakaenda naye garini. Tarumbeta lilibaki juu ya kiti. Mpaka leo hajarudi, na waliokwenda kumuulizia wameambiwa waache kuuliza. Kisha watu wakaanza kupita nyumba za kambini, wakitafuta na familia.

Siku ile mimi nilikuwa na maulidi hapa nyumbani. Wanawake zaidi ya arobaini, mabuibui yamejaa ukumbini na uani mpaka jikoni. Katikati ya kasida nikawaona wawili wameketi karibu na mlango, mabuibui wamevaa nyuma mbele. Walikuwa yule binti na mama yake, Aloyo. Nikapita nawapa ubani, nikawageuza vazi kama ninayewasalimia. Wageni walipoondoka, nani atahesabu mabuibui? Wako chumba cha nyuma tangu siku hiyo.

Watu wa gari wamekwisha kuuliza kwa majirani mara mbili. Hapa hawajabisha bado. Kwa hiyo wataondoka na Abudu, lori likirudi tupu. Njiani Aloyo atakuwa mkewe Abudu, jina Mariamu, kinywa kinamuuma, hasemi. Binti ni binti yao. Kutembea ndiko kulikonipa kazi. Anatupa miguu kama yuko gwarideni. Nimempitisha ukumbini na buibui asubuhi na jioni mpaka amejua kukokota ndara kama mtu wa kwetu.

Na herufi amezijua, Salme. Hakulazimishwa. Alisema hawezi kukaa chumbani siku nzima na mawingu asiyoweza kuyasoma. Wiki mbili tu. Wewe nilikufundisha mwaka mzima na bado ulikuwa unageuza kitabu chini juu.

Katika kikapu nimewatilia Wasikizi, kile cha tatu, kimeviringishwa, herufi nje. Kamba ni ile ile. Herufi hizi zilinidanganya mimi niliyezisomea tangu sina meno, nikakibusu kitabu na kukipandisha kabatini. Askari wa njiani naye ataona dua ya safari. Atakuwa na haraka, na jua kali.

Tayarisheni vitanda viwili. Mimi msinitayarishie. Yule bwana alisimama mlangoni kwangu akasema binti yake anaijua njia ya hapa. Basi naye anaijua. Akitoka huko walikompeleka, atakuja hapa kuwaulizia, na hawezi kuukuta mlango umefungwa.

Siku zote nilisema watu wa buti. Mungu anisamehe. Alikuwa na soksi zenye matundu na nilipanga kuzishona.

Bibi yako,
Mwanawetu binti Habib


Kibokoni, Mombasa
3 Aprili 1977

Kwa Bibi yangu Mwanawetu, mwenye nyumba ya Mengo na sauti zote za mawingu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi zako. Salme amekaa pembeni anataka kunisaidia na nimemkataza. Ukiona kosa, nipige kofi la mkono ukiwa huko huko.

Tumefika, mimi na Mama. Mama analala. Akiamka anakula, kisha analala tena. Mwenyeji wetu Mzee Uthman ametupa chumba cha dirisha mbili, na Salme amehamia humo bila kuulizwa. Tunalala watatu.

Sasa nikusimulie, maana najua kahawa iko mbele yako.

Kizuizi cha kwanza walimjua Abudu, wakachukua sigara, tukapita. Cha pili, karibu na Tororo, tulishushwa. Askari alikuwa mmoja, mwenzake amekwenda kula. Kijana, Bibi, ndevu zake hazijakubaliana bado. Na miwani nyeusi. Nilipoiona miwani ile nilisahau kukokota ndara. Alimuuliza Abudu sisi ni nani, Abudu akajibu kama ulivyomfundisha. Kisha akakimwaga kikapu chini. Nguo, ndizi, na kitabu.

Alikiokota. Akaona herufi. Nikaona kabisa uso wake umelegea, kama wako ukiushika msahafu, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati na kutaka kumrudishia Mama. Mpango wako ulikuwa umekwisha kufaulu, Bibi. Kisha kamba ikakatika. Ni kamba ile ile ya Abudu, imechoka tangu Novemba. Kitabu kikafunguka chenyewe mkononi mwake, na kikafunguka katikati.

Bwana Miwani, ukurasa mzima. Na aliyekishika ana miwani kama ile ile.

Mama alinifinya mkono mpaka sasa kuna alama. Askari akatazama ile picha muda mrefu. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na usingizi, macho tu kama ya mtu yeyote. Akaweka kidole ndani ya wingu, akaanza kusoma, herufi kwa herufi, akitingisha kichwa kidogo kama watoto wa chuo wanavyofanya. Nikajiuliza anasoma nini, maana wingu lile ni tupu, ninalijua mimi kuliko mtu yeyote. Nikainua shingo. Halikuwa tupu. Mlikuwa na maandishi ya wino wa buluu, na mwandiko nikautambua.

Alipomaliza kuunganisha alilisema lote, taratibu, kama mtu aliye peke yake: "Mama yangu akiniona hapa, atasema nini?"

Abudu alikuwa anatazama gurudumu.

Kisha akaniuliza mimi, si Abudu, nani ameandika. Ulinikataza nisiseme kitu njiani. Nikasema, "Bibi yangu." Kiswahili kilitoka safi, Bibi, wala hakikukwaruza.

Akakiviringisha kitabu, akaifunga ile kamba iliyokatika kwa fundo mbili, akanipa kwa mikono miwili. Akamwambia Abudu aondoe lori kabla mwenzake hajarudi. Hata ndizi alitusaidia kuokota. Tulipofika mbali nikageuka, nikamwona bado amesimama pale pale, miwani iko mkononi hajaivaa.

Nilicheka, Bibi. Kuanzia pale mpaka mpakani nilicheka na kulia na Abudu akaniambia ninyamaze nisije nikatuponza. Uliandika lini? Ni siku kitabu hiki kilipofika mlangoni, au usiku wa mwisho? Ulijua kitafunguka pale, au ulikuwa tu umechoka kubishana nami?

Bwana Sadiq tumemwonyesha. Alisoma, akakaa juu ya kopo la rangi bila kulitazama, kanzu ikaharibika. Amekiri kwamba lile wingu aliliacha tupu kwa sababu yeye mwenyewe hakujua la kutia. Anaomba ruhusa yako alitumie neno lako katika kitabu cha nne. Nimemwambia atakuandikia yeye mwenyewe, kwa adabu, na atakutumia sabuni.

Salme anasema ni yeye aliyenipandia wazo la kuja kwako. Mimi nasema ni Baba aliyenionyesha njia. Tumegombana tangu asubuhi na tutaendelea baada ya chakula. Lakini nakuambia wewe siri: siku ile nilipotoka kambini na Mama, kichwa kilikuwa kinaniuma, hapa mbele, na nilikuwa nasikia neno moja tu. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Ule wimbo nimemfundisha kwa mluzi. Anaukosea pale kwenye ile sauti ndefu, ananyamaza mapema mno.

Bibi, Baba akija, mkaribishe ndani. Mpe kahawa, umshonee soksi zake. Kisha chukua barua hii umsomee. Yeye herufi hizi hazijui hata moja, kwa hiyo itambidi akae karibu nawe mpaka mwisho.

Mjukuu wako wa viputo,
Adyero binti Ongom